Mama Niliyempita Bila Salamu

Mpaka nilipomwona Madam Felicia amekaa pale, mambo yalikuwa yakiniendea vizuri mno. Gauni langu halikujikunja garini. Ashitey alinishika mkono tangu getini, akaninong'oneza, "Usiogope, hawali watu," nami nikacheka. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwao Teshie, mtaa wa pwani. Ukoo mzima ulikaa sebuleni kwenye viti vilivyozunguka kuta, wakingoja kumwona huyo msichana wa kabila la Kiewe aliyemchanganya akili kijana wao.

Nilianza kusalimia kutoka upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Nikampa mkono mjomba mwenye kofia, akanitabasamia. Nikampa mkono shangazi Korkoi, dada wa marehemu baba yake Ashitey, naye hakuuachia. Aliugeuza juu chini akakikagua kiganja.

"Mh! Sugu zote hizi? Kwani huko kwenu unalima?"

"Ni za vyuma, shangazi. Kazini."

"Vyuma," alisema, akamtazama Ashitey. "Haya, endelea kusalimia, mama wa vyuma."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Nikasogea kwenye kiti kilichofuata. Ashitey alikuwa ameniambia mengi kuhusu mama yake, Naa Dromo. Tangu baba yake afariki, mama alikuwa amekwisha nguvu, hainuki kitini mpaka ainuliwe na watu wawili, na kicheko chake hakijasikika tena nyumbani. Siku moja Ashitey alilia kifuani kwangu akinisimulia hayo. Kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kuinama kwa kikongwe aliyepooza kwa huzuni.

Niliyemwona ni Madam Felicia. Mteja wangu wa asubuhi. Mwanamke anayeingia jimu kwetu, ukumbi wa mazoezi ninakofundisha, amejifunika nguo nyeusi gubigubi, akaingia chumba cha kubadilishia na kutoka na fulana ya njano, akanyanyua vyuma huku akinisimulia umbea wa kanisani hadi mimi mwenyewe mbavu zinauma. Sasa alikuwa mbele yangu, mnene wa vitambaa vyeusi, mikono imefichwa chini ya nguo. Macho yetu yalikutana. Yake yalitanuka kidogo, halafu akayainamisha, akatazama magoti yake.

Hapo ndipo miguu yangu iliponiponza.

Lazima niseme kidogo kuhusu kazi yangu, maana watu huona nusu yake tu. Jimu yetu iko ghorofa za juu karibu na uwanja wa ndege. Umeme ukikatika mji mzima, kwetu hata feni haishtuki. Taulo zinanukia machungwa. Ninakula mlo wa mchana ambao rafiki zangu hawaujui hata kwa jina, na mwili wangu naujenga kwa vifaa ambavyo kwa pesa yangu ningevisikia redioni. Hiyo ndiyo nusu wanayoiona. Nusu nyingine ni kwamba lifti si yetu, sisi tunapanda ngazi za nyuma. Ni kutabasamu hata mtu anapokuzungumzia kana kwamba wewe ni mashine mojawapo. Ni kuamshwa na simu ya bibi harusi mtarajiwa anayetaka kujua kama ndizi inanenepesha. Na ni kanuni moja kubwa kuliko zote: mwanachama ukikutana naye nje, humjui mpaka yeye akujue kwanza.

Kanuni hiyo haina mzaha. Mwenzangu Selorm alimwona mwanachama mmoja dukani, akamwita kwa furaha, "Bosi, goti linaendeleaje?" Kumbe bosi yuko na mkewe, na mkewe anajua kwamba asubuhi zote zile mumewe alikuwa Kumasi kwa biashara. Jioni hiyohiyo Selorm alikuwa hana kazi. Tangu hapo sisi wote macho yetu yakimwona mwanachama barabarani, miguu inapita yenyewe. Akili haiulizwi.

Ndivyo ilivyokuwa. Madam Felicia aliinamisha macho, na miguu ikapita. Nikampa mkono binti aliyekaa kiti kilichofuata, kitoto cha shule, nikamwambia, "Hujambo, mrembo?"

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Hebu rudi nyuma," alisema shangazi Korkoi taratibu. "Rudi. Umemruka nani?"

"Yayra," Ashitey alisema, sauti imemkauka. "Huyo ndiye Maa, mama yangu."

Nirudi nimsalimie kama mtu nisiyemjua? Nimsalimie kama mtu ninayemjua? Mwaka wa kuvaa nyeusi za msiba ulikuwa haujaisha. Kwa watu hawa, mjane anayeivua nyeusi akavaa njano na kucheka ni mjane aliyemzika mumewe mara ya pili. Kama ningemwonyesha hata dalili kidogo kwamba namjua, shangazi Korkoi angeuliza nimemjulia wapi, na hapo ndipo ningemmaliza. Nilirudi nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Maa."

"Marahaba," alijibu chinichini. Nilinyoosha mkono. Wake haukutoka chini ya nguo. Mimi nilielewa, maana viganja vyake vina sugu kama zangu, na shangazi mkagua viganja yuko pembeni. Wengine walielewa vingine.

"Mmeona?" alidakia Korkoi. "Hata mkono amemnyima, na ana haki. Mtu anaingia nyumba ya msiba, anampita mwenye msiba, anakwenda kumsalimia mtoto! Ashitey, huyu umemwokota wapi?"

Ashitey alinishika kiwiko akanitoa nje uani, kwenye kivuli cha tangi la maji, mahali ambapo hatungesikika.

Mwanamume huyu nilikutana naye kwenye ngazi za nyuma za kazini. Alikuja kutengeneza lifti zetu, na kwa kuwa lifti ilikuwa imefunguliwa, akapanda na sisi tusiotakiwa kuonekana. Nilikuwa nimebeba rundo la taulo hadi puani. Alinipokea nusu, akaniuliza, "Dada, huko juu mnafua mji mzima?" Kuanzia siku ile lifti ile iliharibika mara nyingi kuliko kawaida, na nasikia meneja alilalamika. Mimi sikulalamika. Nilimpenda kwa namna alivyokuwa akinisikiliza, kichwa kainamisha upande mmoja kama anasikiliza injini.

Sasa hakuinamisha kichwa.

"Niambie sababu moja," alisema. "Moja tu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Ashitey, sijui nikujibu vipi."

"Hujui! Yayra, yule ni mama yangu. Hainuki kitini bila kushikwa. Analia usiku, nasikia ukutani. Nimemwambia habari zako kila siku, nimemwambia, Maa, huyu atakuchekesha. Halafu wewe unampita kama umepita nguzo ya umeme!"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sijui kipi kingetoka kwanza. Ijumaa tu, huyo asiyeinuka kitini alikuwa ameinuka chini ya vyuma ambavyo Ashitey mwenyewe angeviomba msamaha. Neno lilinifika ulimini. Ningelisema, ningempata mwanamume wangu palepale, na ningempokonya mama yake mahali pekee anapopumua. Nikalimeza.

"Niamini tu," nilisema. "Sikumdharau. Naapa."

"Nikuamini kwa lipi? Nimeona kwa macho yangu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Labda shangazi alisema kweli. Alisema ukizoea kuwahudumia matajiri, watu wa kawaida utawaona takataka."

"Amesema hivyo?"

"Nilikutetea. Mpaka leo nilikuwa nakutetea." Akatazama ukuta. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini na haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Mtu anayempita mama yangu sitaweza kuishi naye. Tumeishia hapa, Yayra. Ingia uwaage wakubwa, nikurudishe kwako."

Sikumbuki nilivyotembea kurudi ndani. Nakumbuka tu kwamba meza ilikuwa imeandaliwa, kenkey, ugali wa mahindi uliochachushwa, inafuka moshi ndani ya maganda yake, samaki wamepangwa, na hakuna aliyekuwa akila.

"Anaaga?" aliuliza shangazi Korkoi. "Haagi mtu hapa. Kwanza apige magoti amwombe radhi mama wa nyumba, na aseme kilichomfanya ampite. Tuelewe sisi wote."

Nilipiga magoti mbele ya kiti cheusi. Sakafu ilikuwa baridi. Niliona viatu vyake, malapa meusi ya msiba, na vidole vyake vilivyokuwa vikikwaruza soli kwa wasiwasi.

"Maa, nisamehe," nilisema. "Sitasema sikukuona. Nilikuona. Nimekosa, na sina sababu ya kuwapa."

"Hana sababu!" Korkoi alipiga makofi mara moja. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Kazi gani hiyo, mwanamke kulipwa kwa kuwashikashika mapaja waume za watu? Huko wanafundishwa kujitikisa, adabu hawafundishwi. Na tungekwenda kwao Ho kubisha hodi kwa baba yake, na chupa zetu za posa mkononi, tukaingize kitu kama hiki nyumbani? Sema basi! Au ulimi nao umefanya mazoezi umechoka?"

Mtu mmoja alicheka. Machozi yalianza kunitoka, na nikaona aibu zaidi kwa kuwa pua nayo haikubaki nyuma. Nilimtafuta Ashitey kwa jicho. Alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, anatazama chini. Familia nzima ya watu wale, na hakuna aliyeniambia hata pole.

"Korkoi, basi," ilisema sauti juu yangu. "Inatosha."

Na Maa akainuka.

Hakuinuka kama mgonjwa. Alivuta miguu nyuma, akainamisha kifua mbele, akaweka uzito kwenye visigino na kusimama mara moja, mgongo umenyooka, mikono haikugusa kitu. Wasichana wawili ambao kazi yao ni kumwinua walikuwa wameanza kukimbia, wakaganda katikati ya sebule. Ilikuwa safi kabisa, ile namna ya kuinuka niliyomsumbua nayo tangu Pasaka. Na mimi, mjinga wa kuzaliwa, nikiwa bado nimepiga magoti na makamasi usoni, mdomo ukasema wenyewe kama unavyosema kila siku:

"Toa pumzi, Madam."

Alitoa pumzi. Ilisikika chumba kizima.

"Amesema nini?" Korkoi alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Madam nani? Na wewe Dromo, umeinukaje?"

Maa alinitazama. Nilitikisa kichwa kumwambia asiseme, bado tunaweza kutafuta uongo. Alinishika chini ya makwapa akaniinua, na hapo mikono yake ikaonekana.

"Amesema nitoe pumzi," alisema. "Ndivyo anavyonifundisha. Ile ibada ya asubuhi ninayowaaga kwenda kila siku mkishaniinua, hakuna ibada. Ninakwenda jimu."

"Unakwenda wapi?"

"Jimu, Korkoi. Kule kwa mapaja ya waume za watu."

"Na nyeusi?"

"Naivua. Naitundika kabatini, navaa fulana ya njano. Nikimaliza naivaa tena narudi kwenu."

Basi zikaanza kelele. Mjomba alivua kofia akaivaa tena. Shangazi Korkoi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kaka yangu hata kaburi halijakauka, wewe uko na njano!"

"Kaka yako ni mume wangu," Maa alisema, na sasa sauti ilimtetemeka. "Nililala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, wewe ulikuwa ukija Krismasi. Nimemlilia mpaka miguu ikakataa kunibeba. Daktari akaniambia, mama, uiendeshe miguu hii au umfuate mzee. Ningekuja kukuomba ruhusa, ungenipa?"

Korkoi aliitoa mikono kichwani.

"Nilijiandikisha kwa jina la ubatizo ili habari isifike huku. Msichana huyu sikujua kwamba ndiye wa Ashitey, maana jimu ziko nyingi na kule tunamwita Kocha tu, na yeye hakunijua. Kule kwao mtu hasalimiwi nje mpaka asalimu yeye. Leo nilimwona nikainamisha macho, akaelewa namwomba anifiche, akanificha. Mmemtukana weee, na mimi nimekaa hapa nimefunga mdomo, namwangalia anavyosulubiwa kwa ajili yangu. Kama kuna mtu wa kupiga magoti humu ndani, siye yeye." Akamgeukia Ashitey. "Nikishavua nyeusi hii, safari yangu ya kwanza ni Ho. Nitakwenda kubisha hodi kwa baba yake."

"Mimi siendi," alisema Korkoi.

"Hujaalikwa."

Mjomba mwenye kofia aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Halafu mtu akasema samaki wanapoa, na kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya, watu wote walikwenda mezani.

Ashitey alikaa karibu yangu. Uso wake ulikuwa umefunguka wote. Alinimenyea kenkey, akanichagulia samaki mkubwa, akanisogezea pilipili. Kila baada ya muda alikuwa akimtazama mama yake, kisha mimi, anatikisa kichwa na kucheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

"Kumbe wewe!" alininong'oneza. "Kumbe wewe ndiye! Mpenzi, tutavaa kitambaa gani siku ya harusi? Maa anapenda bluu."

"Bluu ni nzuri," nilisema. Samaki nilimsukuma pembeni mwa sahani.

Jioni alinirudisha kwangu. Barabara ya pwani ilikuwa imejaa watu wanaorudi kutembea, na yeye aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika wangu.

"Niambie kitu," alisema. "Huko kwenu, Maa anacheka?"

"Siruhusiwi kusema."

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Alidhani natania, na mimi mwenyewe sikujua kama natania.

"Ashitey."

"Naam, mpenzi."

"Pale uani ulisema tumeishia hapa."

"Aa, hizo zilikuwa hasira tu. Ningejua, ningesema vile?"

"Ungejua, usingesema."

"Si ndiyo hivyo?"

"Ndiyo. Lakini hukujua. Nilikuapia, nikakwambia niamini. Ukaenda kuchukua ufunguo wa gari."

"Yayra, jamani. Ungekuwa wewe, mama yako amepitwa mbele ya watu, ungefikiria nini?"

Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililoniumiza. Hata mimi ningekasirika. Pengine ningesema mabaya kuliko yale. Nilimtazama akiendesha, taa za magari zikimpita usoni, na nilikuwa nikimpenda vilevile, wala upendo haujapungua hata kidogo. Ila sasa nilikuwa najua jambo ambalo asubuhi sikulijua, kwamba mtu huyu ananiacha upesi, kwa muda wa samaki kupoa mezani, na kwamba kilichonirudisha kwake ni mama yake kusimama. Maa asingesimama, sasa hivi mkono huu usingekuwa juu ya wangu.

"Kwani mambo hayakuisha vizuri?" aliniuliza.

"Sijui."

"Umechoka tu. Lala, kesho utakuwa sawa." Alisimamisha gari mbele ya geti langu, akanibusu paji la uso, na busu lake lilikuwa na utamu uleule wa siku zote. "Nakupenda, mama wa vyuma."

"Nakupenda pia," nilijibu, na sikudanganya.

Aliondoka. Nilibaki getini nimeshika komeo, nikamfikiria baba yangu. Siku watu wa Teshie watakapobisha hodi na chupa zao, baba ataniita mbele ya wageni na kuniuliza, kama desturi inavyotaka, mara tatu: Yayra, tuzipokee chupa hizi? Nilijaribu pale pale kwenye geti, nikajiuliza kwa sauti yake. Mara ya kwanza nilijibu ndiyo. Mara ya pili nilijibu ndiyo, ingawa nilichelewa. Ya tatu nilifungua mdomo, nikangoja, na hakuna kilichotoka.